Mashavu ya Bi Balozi

Shikamoo ya kuvutavuta haikumfurahisha Bi Balozi. Ukimwamkia kwa sauti ya asali, alikutazama kuanzia kandambili hadi ushungi, kisha akajibu, "Marahaba. Haya, unataka nini?" Alisema maamkizi marefu yana haja nyuma yake, na mara nyingi hakukosea, maana nani aliyekwenda kwa balozi wa nyumba kumi bila haja? Jina lake nalijua. Hapa silitaji, kwa sababu najua angeuliza nimelitaja kwa nani, na kwa nini leo.

Mtaa wetu ulikuwa Bagamoyo, nyuma ya soko la samaki, nyumba za udongo na chokaa zilizoegemeana. Yeye ndiye aliyekuwa na dhamana ya nyumba zetu kumi kwa niaba ya chama. Ukigombana na mumeo unampelekea yeye, ukipata mgeni unamwarifu yeye, ukitaka kusafiri unamuaga yeye. Mume alikuwa amefariki na watoto hakujaliwa, kwa hiyo macho yake yote mawili alituelekezea sisi.

Nilipoletwa kutoka Mlingotini kuolewa nyumba ya tatu, fungate haijaisha, alikuja kunitazama. Alikaa mkekani, akaitafuna tende yetu polepole kama anayetafuta kitu ndani yake, akaniuliza, "Mlingotini upande gani? Kwa nani? Na huyu shangazi yako aliyekusindikiza anaondoka lini?" Shangazi alikuwa ameketi pale pale. Kesho yake alifunga mzigo wake akaondoka, na mpaka anakufa hakuja tena kunitembelea.

Ndivyo alivyokuwa. Samaki wa juu ya tenga hakumnunua, alitaka wa chini. Kuni zake alizitia alama ya mkaa. Kitu cha kunywa hakukigusa mpaka wewe mwenyeji uonje kwanza. Najua kutoa uchawi ni desturi yetu sote, lakini sisi wengine huonja kidogo kwa adabu tu. Yeye alikungoja umeze, kisha akatulia kidogo akikutazama koo, ndipo akapokea kikombe.

Lakini mtu huyo huyo, mwanamke akijifungua mtaani, alikuwa wa kwanza kufika na uji wa pilipili manga. Alikwambia, "Tazama, naonja," akaonja, akakunywesha kwa mkono wake. Na mlango wake mwenyewe mchana kutwa ulikuwa wazi. Nilimuuliza siku moja mbona sisi anatuhimiza makomeo na yeye hafungi. Akasema, "Mlinzi akijifungia ndani, atamwona nani?"

Nisisahau debe. Lilikuwa debe tupu la mafuta ya taa, limening'inizwa kwenye boriti ya baraza yake, na mchi mfupi umeegeshwa ukutani. "La mgambo likilia lina jambo," alipenda kutuambia. Likilia, amri yake ilikuwa hii: aliye karibu akomee mlango na madirisha, wanaume watoke na fimbo, na asiyetoka ajieleze kesho. Mwizi wa kuku kweli alikamatwa kwa debe lile, sitalidhulumu. Lakini pia lilimlilia mbuzi aliyekata kamba, likamlilia fundi wa saa aliyepotea njia na kupita mbele ya baraza ile mara ya pili. Fundi yule alikula makofi mpaka saa za watu zikamwagika mchangani. Bi Balozi hakuomba radhi. "Mtu mwema," alisema, "hupita mara moja."

Sasa niseme ugonjwa wake, maana bila huo hamtamwelewa. Ulianza vidoleni. Asubuhi vilikuwa vimekakamaa hata ufagio haukushikika, kisha jua likipanda vinalegea. Nywele zikawa zinatoka na kichana. Mdomoni vidonda, jioni homa. Halafu ikatokea alama usoni, ikaanzia shavu hili, ikapanda juu ya pua, ikashuka shavu lile, umbo la kipepeo. Akitoka juani alama inachachamaa na mwili mzima unamuuma, basi akawa hatoki ila kwa mwavuli au magharibi ikikaribia.

Mtaani wakaanza kunong'ona ukoma. Yeye naye akatushuku sisi. Alimshuku Mama Rukia wa nyumba ya nne kwa husuda, akakishuku kisima, na vitumbua vyangu akanirudishia vikiwa vya moto. Alikwenda kwa mganga Msata, na mganga akamwambia adui yuko karibu. Alirudi ameridhika, kwa kuwa hilo alikuwa akilijua siku zote. Ila vidole havikupona.

Wakati huo nyumba ya sita alikuwa amepanga daktari, kijana wa bara aliyeletwa hospitali ya serikali. Alikula peke yake, alisoma kwa taa ya chemli, na katika mkoba wake mlikuwa na sindano na vichupa. Sisi tulilelewa na hofu ya mumiani, wale watu wanaovizia wenzao wawatoe damu. Siku ya kwanza Bi Balozi alipomwona na mkoba ule, alilipiga debe kwa nguvu zake zote. Tukatoka. Daktari naye akatoka, akaazima ufagio wa mwenye nyumba, akazunguka nasi mtaa mzima kumtafuta mwizi, asijue kwamba mwizi ndiye yeye.

Hata hivyo, kijana huyo ndiye aliyemtazama usoni katika mkutano wa nyumba kumi na kumfuata baada ya watu kutawanyika. "Bibi, hiyo alama si ukoma. Njoo hospitali." Bi Balozi alifikiri siku kadhaa, kisha akaja kwangu. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa kuwa nilikuwa mgeni, na wageni aliwachunguza zaidi, alikuwa ameshamaliza kunichunguza. "Twende," akasema. "Nikianguka, useme nimeangukia wapi." Barabarani akaniapisha kwamba ugonjwa wake sitautaja kwa kiumbe.

Walipomtoa damu hakufumba macho. Aliifuata kwa jicho mpaka ikaingia kichupani, akamwambia daktari, "Mkishaipima, nirudishieni." Daktari alidhani ni utani. Haukuwa utani. Nyingine ilibidi ipelekwe Dar es Salaam, na njia nzima ya kurudi nyumbani alinilaumu kwa kuiacha iende.

Majibu yaliporudi daktari alikuja mwenyewe jioni. Tuliketi ukumbini watatu. Alisema jina la ugonjwa, refu na la kizungu, nalo halikutuingia. Akaona tulivyokunja nyuso, akatazama huku na huku, na jicho lake likatua kwenye debe nje.

"Bibi, mwili wako ni mtaa. Una vijumba vidogo visivyohesabika, vinaitwa seli. Kirusi cha mafua kikiingia kijumba kimoja, kile kijumba kinapiga debe. Hilo debe wataalamu wamelipa jina, interferoni. Majirani wakilisikia wanakomea milango, kirusi kisipate pa kuingia. Na askari wa mwili wanatoka na fimbo. Hata ile homa ya mafua na mifupa kuuma, nyingi yake ni kelele ya debe, si mwizi."

"Vizuri," akasema Bi Balozi. Nilimwona ameketi wima. Mwili wake ulikuwa unaendeshwa inavyotakiwa.

"Vizuri, likinyamaza. Kwako wewe askari wametoka na hawarudi ndani. Hawamwoni mwizi, basi wanampiga aliye karibu. Wamepiga vidole, wamepiga ngozi, na ninachokiogopa ni figo. Kwa nini hawarudi, hakuna anayejua kwa hakika. Wapo wasomi wanaoshuku kwamba debe ndilo halinyamazi. Mimi nami nashuku hivyo."

"Nani analipiga?"

"Hatujui, bibi."

"Mwizi yupo?"

"Huenda alikuwapo zamani akapita. Huenda hakuwapo kabisa."

Bi Balozi aligeuka akalitazama debe. Mimi nilikuwa namfikiria fundi wa saa, na sidhani kama nilikuwa peke yangu. Mwishowe akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha papo hapo sauti ikarudi ile ile: "Lakini kama aliyepiga hamjui na mwizi hamjui, basi nyinyi mnajua nini?"

Daktari akacheka, akatoa vidonge. Vya aina moja vilikuwa vya kuwaambia askari wakae chini. Aina ya pili tuliitambua mara moja, ile chungu tuijuayo sote, klorokwini. "Mimi sina malaria," akasema Bi Balozi, na mashaka yake yote yakaamka upya. Daktari akaeleza kwamba imeonekana klorokwini hiyo hiyo huutuliza na ugonjwa huu, ingawa namna inavyofanya haijafahamika vyema. Bi Balozi akasukuma sahani ya vidonge mbele yake. "Toa uchawi."

Kijana wa watu akameza klorokwini yake kavu, macho yakamtoka. Bi Balozi akamtazama koo, akangoja, kisha naye akameza. Usiku ule ule mwili ulimwasha mpaka akajikuna kwa gunzi, na asubuhi akaniambia daktari alikuwa amebana kidonge chini ya ulimi.

Lakini alivimeza. Kila kimoja alikigeuza, akakitazama pande zote, akakigusa kwa ncha ya ulimi kuhakikisha ladha ni ile ya jana. Vidole vikafunguka. Kipepeo akafifia. Nilimwona anafagia baraza, nikafurahi kama aliyepona ni mama yangu, maana kufikia hapo nilikuwa nampenda, nisifiche. Daktari alimwonya mambo mawili tu: asikae juani, na vile vidonge vya askari asiviache ghafla hata akijiona mzima. "Ukiviacha kwa ghafla, bibi, vitakuua kabla ya ugonjwa."

Balaa lilikuja kwa mlango mwingine. Dawa zile hujaza uso. Mashavu ya Bi Balozi yakaumuka, uso ukawa duara, unang'aa. Na hayo yakatokea mwaka ule wa vita, sukari ilipoadimika. Sukari ya mgao ililetwa kwake, ikakaa chumbani kwake katika pipa la bati, naye akaigawa kwa kikombe, nyumba kwa nyumba. Kikombe kikawa kinapungua mwezi hadi mwezi kwa sababu duka lenyewe lilipunguziwa. Lakini nyuso zetu zilikuwa zimekonda, na wake umejaa.

"Sukari haipotei," akasema Mama Rukia kisimani. "Huhama. Tazameni mashavu."

Maneno yakasambaa. Watu wa nyumba kumi aliowafundisha kwa miaka kushuku walikuwa wameiva, na sasa walikuwa na wa kumshuku. Akipita, mazungumzo yanakatika. Akigawa, wanamtazama vidole. Hata mimi niliyejua sababu, nami ni mtu, kuna siku nililitupia jicho pipa lile. Nilimsihi aniruhusu niseme ni vidonge. "Useme nina ugonjwa wa uso, halafu wanipeleke kwa wakoma? Nyamaza."

Mwishowe wanaume wawili walimfuata barazani na kumtaka ale yamini. Ashike Msahafu, aape kwamba hajaila sukari yetu. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Yeye alirudisha mikono nyuma. Aliwaambia, "Miaka yote nimewalinda, leo niape? Siapi. Uso wangu utaapa wenyewe."

Sikuielewa kauli ile mpaka nilipokwenda kwake baadaye nikaona sahani ya vidonge imefunikwa kwa kawa, haijaguswa. "Nimeviacha," akasema. "Mashavu yakishuka, wataona."

Nilimlilia. Nikamkumbusha maneno ya daktari, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa ametumwa vijijini kwa kazi ya chanjo. Akanijibu, "Yule naye ana haja yake." Sikuwahi kujua haja gani. Na kana kwamba hilo halikutosha, aliuweka mwavuli ndani, akatoa kiti, akaketi barazani saa za jua kali, uso nje, ili kila apitaye aone unavyopungua. Na kweli ulipungua. Mama Rukia alipita, akatazama, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ee, amebanwa, ameacha." Kwa hiyo uso ulipojaa ulikuwa ushahidi wa wizi, na uliposhuka ukawa ushahidi wa kuungama. Nilitamani kumrukia yule mwanamke.

Alianguka adhuhuri, pale pale kitini. Nilisikia kishindo kutoka jikoni kwangu. Nilipofika midomo ilikuwa mikavu, miguu imevimba, na alama ya kipepeo imerudi imekolea. Nikawaita majirani kwa majina, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyetoka. Madirisha yalifunguka kidogo yakafungwa.

Nikachukua mchi, nikalipiga debe.

Sijawahi kupiga kitu namna ile. Nilipiga mpaka bati likapinda, na huku napiga napayuka kila nilichoapishwa nisiseme, vidole, damu, vidonge, figo, askari wanaompiga mwenye nyumba. Wakatoka. Wengine walitoka na fimbo kwa mazoea, wakasimama nazo hawajui waziweke wapi. Mume wangu na wale waliotaka yamini wakambeba mpaka lori la samaki, likampeleka hospitali, na kutoka hapo Dar es Salaam. Mama Rukia alishika mkoba wa nguo. Alikuwa analia, na hata kilio kile nilikitazama mara mbili.

Pipa lilifunguliwa mbele yetu sote. Sukari ilikuwamo ya kila nyumba, na pembeni mafungu yake yeye mwenyewe ya miezi yote, kwenye vifurushi vya gazeti, hayajafunguliwa. Alikuwa anakunywa chai bila sukari tangu mgao ulipoanza. Alijua tutamshuku siku moja, kwa kuwa angekuwa sisi, naye angeshuku. Watu wakainamisha vichwa. Mmoja tu alinong'ona, "Labda ameirudisha juzi." Sikugeuka kuangalia ni nani.

Hakufa. Figo ziliumia, akalazwa miezi, na alipotoka hakurudi kwetu. Kaka yake alimchukua Vigwaza. Ubalozi alipewa mwingine, na debe likatumika kuchotea maji mpaka likatoboka. Binti yangu, ambaye sasa ni muuguzi, ananiambia kwamba shaka ya daktari wetu ilikuja kuonekana kuwa ya kweli kwa wagonjwa wengi wa namna yake: interferoni ndiyo isiyonyamaza. Jua likiunguza ngozi, seli zinakufa, na vifusi vyake mwili unavidhania mwizi. Nilimwuliza kama wamekwisha kumjua anayepiga. Akasema, "Bado wanatafuta, mama." Nikasikia sauti ya Bi Balozi ndani ya kichwa changu ikiuliza basi wanajua nini.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikwenda Vigwaza kwa basi la Morogoro, mkononi nina pakiti ya sukari. Nilimkuta ndani, kwenye kivuli, mlango wazi. Uso ulikuwa umejaa tena, duara, unang'aa. Aliitazama pakiti kabla ya kunitazama mimi.

"Shikamoo, Bi Balozi," nikasema, na nikaikata fupi.

"Marahaba. Hiyo umeipata wapi?"

"Dukani. Imerudi siku hizi."

"Imerudi yenyewe?" Lakini aliipokea. Akatia chai, akaonja yangu kwanza, akanipa. Kisha akafungua pakiti, akachota kijiko kilichojaa mpaka kinamwagika, akatia katika kikombe chake mwenyewe, akakoroga taratibu akinitazama usoni.

Nikasema nililoliona. "Bi Balozi, umenenepa."

Kijiko kikasimama. Nikajuta. Kumbe alikuwa anacheka, tumbo linatikisika bila sauti. "Sema kwa nguvu," akasema, "jirani asikie."

Wifi yake alileta sahani ya vidonge. Bi Balozi akakichukua cha kwanza, akakigeuza, akakitazama pande zote, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Mikono ilikuwa imedhoofu lakini vidole vilikuwa vimenyooka.

"Mpaka leo sikiamini," akaniambia, na akakimeza.